Asubuhi au Jioni, Lami au Udongo: Kumtembeza na Kumtunza Mbwa Miezi ya Joto Nyanda za Juu Kusini

Anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe amezoea kuambiwa na wageni kwamba kwake ni kwenye baridi, na mazoea hayo humfanya asilifikirie joto hata kidogo anapomfunga mbwa wake kamba na kutoka naye getini. Ni kweli kwamba Juni na Julai huku watu hushinda na makoti, lakini kuanzia Septemba hadi mvua zitakaposhika mwishoni mwa Novemba au Desemba hali huwa nyingine: anga haina wingu, majani yamekauka, vumbi limetanda, na katikati ya Oktoba jua la mchana hupita juu ya utosi hasa. Kipimajoto kikisoma nyuzi 27 Mbeya mjini, mtu aliyeketi kivulini huona hakuna hali ya hewa nzuri kuliko hiyo. Mbwa anayetembea juani huipata hali hiyo kwa namna yake, kwa ardhi anayoikanyaga bila viatu na kwa jua linalompiga mgongoni, na vyote viwili ni vikali kuliko anavyodhani aliyeshika kamba.

Mbwa mwenye afya huwa na joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo ya letu. Hatoki jasho isipokuwa unyevu kidogo kwenye nyayo, kwa hiyo kazi karibu yote ya kujipoza huifanya kwa kuhema: hewa hupita juu ya ulimi na koo lenye majimaji, majimaji hayo hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Njia hiyo humfaa sana katika hewa kavu na ya baridi, humpa shida katika hewa yenye unyevu mwingi, na humshinda kabisa pale joto linaloingia mwilini kutoka juu na kutoka chini linapozidi lile linalotokea mdomoni. Joto la mwili likipita nyuzi 41 viungo vya ndani huanza kuumia, na kuanzia hapo uhai wake hutegemea kitakachofanyika katika dakika chache zinazofuata.

Mfugaji wa huku, basi, ana mambo kadhaa ya kuchagua kila siku ya miezi hiyo, na kila moja lina nafuu yake na hasara yake. Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni saa ya kutoka.

Asubuhi na jioni

Wengi huchagua jioni, kwa sababu ndipo wanaporudi kazini, na kwa sababu jua la saa kumi huonekana limepoa. Hapo ndipo hesabu huanza kwenda kombo. Mbeya iko magharibi mno mwa mstari ambao saa za Afrika Mashariki hupangiwa, na kwa hiyo mwezi Oktoba jua hufika utosini karibu saa 6 na nusu mchana badala ya saa 6 kamili. Iringa hutangulia kwa dakika chache tu. Ardhi nayo huchelewa nyuma ya jua, kwani huendelea kupokea joto zaidi ya lile inalolitoa hadi saa 8 au saa 9 alasiri. Mtu anayetoka na mbwa saa 10 jioni anatoka wakati upepo umeanza kumburudisha yeye usoni, ilhali barabara bado imeshika karibu joto lote la mchana. Kwa mbwa, saa 10 jioni ya Oktoba iko karibu zaidi na mchana kuliko na usiku.

Asubuhi hali ni kinyume. Usiku wa kiangazi katika nyanda hizi hauna mawingu ya kulizuia joto lisipande, hewa ni kavu, na ardhi hupoa hadi mtu anayeamka alfajiri hulazimika kujitanda shuka hata mwezi Oktoba. Jua huchomoza karibu saa 12 na robo, na kuanzia hapo hadi yapata saa 2 na nusu mbwa hupata ardhi iliyopoa, hewa ya ubaridi na jua la pembeni lisilo na nguvu. Ni muda mrefu unaotosha matembezi ya haja, hata kwa mbwa mkubwa anayehitaji kukimbia. Jioni yenye ubora huo ni fupi mno: jua huzama karibu saa 12 na dakika 40, udongo huanza kupoa kweli kuanzia saa 12, lami huchelewa zaidi, na giza huingia upesi baada ya jua kuzama. Anayetaka ardhi iliyopoa na mwanga wa kuonea hubaki na nusu saa tu, au pungufu.

Giza lenyewe lina hatari zake. Bodaboda zisizo na taa ya mbele si ngeni pembezoni mwa miji yetu, na mbwa mweusi asiye na kitu cha kung'aa shingoni haonekani mpaka pikipiki iko juu yake. Nyoka aina ya kifutu, ambaye hutembea zaidi magharibi na usiku, hupenda kulala kwenye njia na barabara zilizobaki na joto la mchana, na mbwa hutanguliza pua pale ambapo mtu angetanguliza tochi. Makundi ya mbwa wazururaji nayo huanza kujikusanya saa hizo karibu na masoko na madampo.

Asubuhi haikosi dosari. Kati ya saa 12 na saa 1 barabara za mitaa hujaa wanafunzi waendao shule, na mtoto anayemwogopa mbwa hukimbia, na mbwa asiyefundishwa humfuata anayekimbia. Mbwa wa kutembezwa saa hizo sharti awe kwenye kamba fupi, awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na apitishwe njia zisizo za shule. Na kwa vile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huangukia tarehe 28 Septemba, mwanzoni mwa msimu huu wa joto, ni rahisi kuikumbuka kama tarehe ya kukagua kadi ya chanjo. Umande nao huwafanya watu waogope kupe. Kupe wapo saa zote, na dawa yao ni ile ile: kumkagua mbwa katikati ya vidole, ndani ya masikio na kwapani kila anaporudi.

Kuna hoja moja nzito ya upande wa jioni ambayo naiheshimu. Mbwa wengi wa mijini huku ni wa ulinzi. Hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, na kukipambazuka wameshazunguka ua mara nyingi na kubweka hadi sauti imekauka. Kumtoa mbwa wa namna hiyo saa 12 asubuhi kwa mwendo mrefu ni kumwongezea kazi baada ya zamu. Kwake yeye ningechagua saa 12 na nusu jioni, mtaani karibu na nyumbani, kwenye barabara ya vumbi, kwa muda wa kunyoosha miguu tu kabla hajaingia kazini. Asubuhi apewe maji, chakula na mahali pa kulala penye ubaridi. Kwa mbwa wengine wote, wa kufuga nyumbani, wa mazoezi, wachanga waliokwisha kuchanjwa na wazee, asubuhi ina nafuu kubwa kiasi kwamba inafaa kuamka mapema kwa ajili yake.

Wa Tukuyu na sehemu nyingine za Rungwe wana unafuu wao, kwa sababu migomba, ukungu na mvua za mara kwa mara huwapunguzia makali ya jua, na kwao tofauti ya asubuhi na jioni ni ndogo.

Njia ya kupita

Baada ya saa, kinachofuata kwa uzito ni kinachokanyagwa. Hewa ikiwa na nyuzi 25 tu, lami iliyopigwa na jua la mchana pasipo upepo inaweza kupita nyuzi 50, na ngozi ya unyayo wa mbwa, ingawa ni nene, huungua kama ngozi nyingine yoyote. Kipimo rahisi ni mgongo wa kiganja: uweke juu ya lami na uhesabu polepole hadi 7, kama unalazimika kuuondoa kabla ya kufika, mbwa asipitishwe hapo. Kiganja chenyewe hakifai kwa kipimo hicho, hasa kwa mtu wa jembe, kwa kuwa ngozi yake imekomaa na hudanganya.

Mbwa mwenyewe husema kabla hajaungua, kwa anayemtazama. Huanza kwa kuivuta kamba kuelekea ukingoni mwa barabara, palipo na nyasi au kivuli cha ukuta. Kisha hatua zake huwa fupi na za haraka. Kisha huinua mguu mmoja na kuukung'uta kama aliyekanyaga mwiba. Mtu asiyeelewa humvuta arudi katikati na kumwita mkaidi. Nyumbani jioni mbwa huyo atalala na kuramba miguu bila kukoma, na akikaguliwa ataonekana ana wekundu, malengelenge au ngozi iliyobanduka pembeni mwa unyayo.

Zege la uani na vitofali vya kupanga hupata joto kidogo kuliko lami kwa sababu ya rangi yake nyeupe, lakini nafuu hiyo ni ndogo na haifai kutegemewa mchana. Barabara ya udongo mwekundu, ambayo ndiyo mitaa mingi ya Mbeya na Iringa, hupoa mapema zaidi jioni kuliko lami; kero yake ni vumbi linaloinuliwa na magari, ambalo mbwa hulivuta moja kwa moja kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi. Kokoto za changarawe ni mbaya kuliko zinavyoonekana, kwani huhifadhi joto na tena hukwangua. Nyasi ndizo bora kuliko zote zikiwa hai. Zikiwa zimekauka huficha mbigiri, na mbigiri mmoja ukinasa katikati ya vidole humfanya mbwa achechemee kama aliyeungua, kwa hiyo aliyeona mbwa anachechemea atazame vyote viwili.

Kwa wakazi wa Iringa wanaopenda kupanda mpaka jiwe la Gangilonga kutazama mji, naona ni mahali pazuri pa asubuhi na pabaya pa jioni: mwamba mkubwa wa namna ile hunyonya jua mchana kutwa na hulitoa polepole baada ya magharibi. Mbeya, njia za miguu zinazoelekea Mlima Loleza zina miti na udongo, na hupanda, jambo linalomaanisha kwamba mbwa huchoka upesi hata kama hewa ni baridi. Hapo inafaa kupanda kwanza wakati ana nguvu na jua halijapanda, na kushuka kabla ya saa 3. Anayekaa Mafinga, Sao Hill au pembeni mwa Njombe ana bahati ya msitu wa misonobari, ambamo kivuli ni kizito na ardhi imetandikwa majani makavu laini. Katika njia zote nilizozitaja hakuna inayoushinda msitu huo kwa mbwa wa msimu wa joto, ila kwa sharti la kubeba maji, kwa kuwa ndani yake mara nyingi hakuna, na la kutoingia siku ambazo moshi unaonekana.

Moto unastahili neno zaidi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuchoma mashamba na ya moto wa kichaa, na mahali palipoungua jana huonekana pamekwisha kupoa huku makaa ya visiki yakiwa hai chini ya majivu. Mbwa akiachiwa kamba hukimbilia huko kwa sababu ya harufu ya panya na ndezi waliokufa. Ni afadhali lami ya saa 8 kuliko majivu hayo.

Mbwa wa kienyeji na mbwa wa kizungu

Inasemwa sana kwamba mbwa wa kienyeji hasumbuliwi na jua. Ana nafuu ya kweli: mwili mwembamba, manyoya mafupi, pua ndefu ya kupitishia hewa, na akili ya kujitafutia kivuli kama hajafungwa. Nafuu hiyo huisha palepale anapofungwa mnyororo au anapolazimishwa kufuata baiskeli, kwa kuwa amenyimwa uamuzi uliokuwa ukimlinda. Mbwa wa asili ya Kijerumani wanaopendwa kwa ulinzi wana manyoya ya tabaka mbili yanayowafaa vizuri Julai na kuwalemea Oktoba. Hata hivyo wasinyolewe, kwa sababu manyoya hayo pia huikinga ngozi na jua. Inatosha kuwachana kila siku ili manyoya ya ndani yaliyokufa yatoke. Wenye pua fupi, ambao siku hizi wanaonekana zaidi mijini, ndio wa kuhofiwa kuliko wote, kwani njia yao ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Hao wasitembezwe baada ya saa 2 asubuhi, wala wasikimbizwe saa yoyote.

Rangi nayo ina maana katika mwinuko huu. Mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mbwa mweusi hupata joto upesi, lakini mweupe mwenye pua ya waridi na masikio yenye manyoya haba ndiye anayeungua ngozi, na vidonda vya jua vinavyojirudia masikioni vinaweza kugeuka saratani. Mnene, mzee na mtoto wahesabiwe pamoja na wenye pua fupi.

Anaposhinda mchana

Matembezi ni saa moja ya siku. Banda ni saa kumi, na hapa ndipo naona mbwa wengi wa huku wanapoumia bila mtu kujua. Banda la kawaida ni la bati juu, na pengine bati pembeni, fupi kiasi cha mbwa kuinama, limeegemezwa ukutani upande ambao haukuwa na matumizi mengine, ambao mara nyingi ni ule wa magharibi. Bati lililo sentimita chache juu ya mgongo wa mbwa hugeuka jiko kuanzia saa 5, na mlango wa upande mmoja haupitishi upepo. Uzuri wa bati ni kwamba halivuji Machi na hudumu miaka mingi.

Ezeko la nyasi hupoa kuliko bati kwa mbali na pia hutunza ujoto Julai, lakini huoza kwa mvua, huficha viroboto na kupe, na mijini nyasi zenyewe ni shida kupata. Kati ya hayo mawili, ninachokipendekeza kwa mkazi wa Mafinga, Makambako au Iringa ni banda la mabanzi, ambayo hupatikana kwa bei nafuu popote penye mashine za kupasulia mbao, likiwa na paa la bati lililoinuliwa hadi kimo cha mtu na kutandazwa nyasi au magunia juu yake miezi ya joto. Mabanzi ya kuta yaachiwe nafasi za upana wa kidole ili upepo upite. Juni inapoingia nafasi hizo huzibwa kwa magunia upande wa upepo. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka ardhini, na mlango utazame kusini au mashariki.

Kivuli cha mti hulishinda banda lolote katika mchana wa joto, kwa kuwa majani yenyewe hupoza hewa iliyo chini yake, na mwembe au mparachichi mmoja uani unatosha. Tatizo la mti ni mnyororo. Kivuli huhama, na mbwa aliyefungwa saa 3 asubuhi mahali penye kivuli upande wa magharibi wa shina hujikuta juani saa 8, huku mnyororo umeshajizungusha mtini na kubaki na urefu wa hatua mbili. Kama ni lazima afungwe, afungwe kwa waya uliotandazwa kati ya miti miwili, pete ya mnyororo ikiteleza juu yake, ili aweze kukifuata kivuli. Na anayeweza kumjengea ua mdogo wa senyenge kuuzunguka mti aachane na mnyororo kabisa.

Kuhusu maji nitasema machache. Mbwa wa kilo 20 huhitaji lita moja hivi kwa siku ya kawaida, na zaidi sana siku ya joto. Sufuria ya alumini ikipigwa na jua huyapasha maji hadi mbwa hayagusi, na ni nyepesi, huipindua. Bakuli la plastiki ni nafuu kidogo. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi huyapoza maji kwa kuyavujisha polepole kupitia ngozi yake, na katika hewa kavu ya Iringa hufanya kazi hiyo vizuri ajabu. Vyungu vya Wakisi vitokavyo Ikombe na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, vinavyouzwa hata masoko ya mbali na ziwa, ni vizito vya kutosha mbwa asivipindue. Chungu kisuguliwe na maji yabadilishwe kila siku.

Kushuka naye bondeni au kumwacha nyumbani

Wakazi wengi wa nyanda za juu wana shamba au ndugu chini: wa Mbeya hushuka Chimala, Rujewa na Ubaruku kwenye mpunga wa bonde la Usangu, au Kyela, wa Iringa hushuka Pawaga, Idodi, Mtera, au huteremka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni. Ni mwendo wa saa chache unaomtoa mbwa kwenye baridi na kumwingiza kwenye joto ambalo mwili wake haujalizoea, na mazoea hayo huchukua wiki kadhaa kujengeka. Mbwa wa Usangu anayemsindikiza mfugaji mchana wa Oktoba amekulia humo. Asilinganishwe na wa Mbeya aliyeshushwa jana.

Joto la mabonde hayo halifanani. Usangu na Pawaga ni joto kavu, ambalo mbwa hulimudu kwa kuhema iwapo ana maji na kivuli. Kyela ni chini zaidi, karibu na ziwa, na unyevu wa hewa yake huzuia mvuke wa ulimi usitoke, kwa hiyo nyuzi 31 za Kyela ni nzito kwake kuliko nyuzi 33 za Rujewa. Kama lazima ni moja, ningemshusha Usangu na kumwacha nyumbani safari ya Kyela. Pawaga na Idodi zina jambo lao: maeneo hayo yanapakana na nyika ya Ruaha, ambako mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, na ugonjwa huo humuua mbwa. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha yenyewe hairuhusu mbwa kuingia. Mto Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera vina mamba, na mbwa mwenye joto huingia majini bila kusubiri ruhusa. Mitaro ya mashamba ya mpunga nayo hubeba dawa za kuulia wadudu na magugu, kwa hiyo maji ya kunywa yatoke nyumbani.

Gari ni hatari kubwa kuliko bonde. Gari lililosimama juani hupanda kwa karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha kutajika. Foleni ya malori Kitonga, au kusimama Chimala kununua mchele, inatosha. Nyuma ya pikapu kuna upepo, lakini bodi la bati huunguza miguu. Anayemsafirisha hivyo atandike gunia lililoloweshwa au godoro chakavu, aweke turubai juu, na aondoke nyumbani kabla ya mapambazuko. Kama kuna jirani mwaminifu wa kumlisha, kumwacha nyumbani ndiyo chaguo bora mwezi Oktoba.

Akizidiwa

Dalili huanza kwa kuhema kusikotulia hata baada ya kupumzika kivulini, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kisha kuyumba, kutapika, kuanguka na kupata degedege. Hapo watu hugawanyika: wapo wanaomkimbiza kwanza kwa daktari wa mifugo, na wapo wanaoanza kumpoza. Anayeanza kumpoza ndiye aliye sahihi, kwa sababu kila dakika ya joto hilo inaendelea kuharibu figo na ini, na kwa wengi wetu daktari yuko mbali. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya bomba au ya kisima mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na mapajani, na wakati huohuo apepewe kwa ungo au kipande cha boksi. Kumfunika kwa kanga mbichi na kumwacha nayo kuna madhara, kwani nguo hiyo hupata moto na kuzuia upepo. Akiwa na fahamu apewe maji kidogo kidogo. Akiwa hana fahamu asimiminiwe chochote kinywani. Vidonge vya kushusha homa vya binadamu havimsaidii na vinaweza kumuua.

Mbwa anayetoka mate na kuyumba barabarani huweza kudhaniwa ana kichaa na kupigwa hadi kufa, kwa hiyo mwenye mbwa aseme kwa sauti kwamba ni joto na awaombe watu wasogee. Tahadhari nayo ni ya lazima kwake mwenyewe: kama mbwa hajachanjwa, au kama si wake, asiingize mkono kinywani mwake wala kugusa mate, amwagie maji kwa mbali na kumwita ofisa mifugo wa kata.

Kuhema kukitulia, maji yasimame ili asipoe kupita kiasi, na hapo ndipo safari ya kwenda kwa daktari ianze, madirisha ya gari yakiwa wazi, hata kama mbwa amesimama na anatikisa mkia. Madhara ya figo na ya damu kushindwa kuganda huweza kujitokeza saa nyingi baadaye, au hata siku ya pili. Daktari atahitaji kujua alianza kuzidiwa saa ngapi, alikuwa wapi, alimwagiwa maji kwa muda gani, kama ametapika au kuhara damu, na lini alichanjwa mara ya mwisho.